Jinsi Jeshi Letu la Anga Lilivyoyashinda Majani

Haya yalitokea katika nchi moja yenye bendera, wimbo wa taifa na ndege tisa za kivita. Jina la nchi hiyo sitalitaja. Si kwamba naogopa. Nilikula kiapo cha kutunza siri, na jina la nchi ni miongoni mwa mambo yaliyogongwa muhuri wa siri.

Mimi ni Dastani Lubele. Wakati huo nilikuwa koplo, karani wa taarifa katika Makao Makuu ya Anga. Kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa kwa umma, zile zilizosomwa redioni kabla ya salamu za wasikilizaji. Niliandika taarifa mia moja na nne, na hakuna hata moja iliyowahi kukanushwa, kwa sababu dawati la kukanusha nalo nilikuwa nikilishika mimi.

Vita yetu ilikuwa na umri wa miaka minne. Tuliambiwa waasi wamejificha kusini, katika Msitu wa Lumbiji, msitu mnene ambao mtu akiingia mchana huhitaji tochi. Kila asubuhi ndege ziliruka kwenda kuwatafuta, na kila adhuhuri zilirudi. Marubani walijaza fomu yenye swali moja kubwa: "Umeona nini?" Na marubani wetu, kwa kuwa walikuwa watu wakweli, waliandika: "Majani."

Marshal wa Anga aliitwa Yeremia Kisungwi. Alikuwa mtu mwenye kifua kipana, nacho kilihitajika, maana nishani zake zilikuwa zimeshaanza kuteremka kuelekea mkanda. Siku moja alijifungia ofisini na fomu zote za mwaka mzima. Alipotoka, uso ulikuwa unamng'aa.

"Koplo," aliniambia, "humu ndani neno waasi limeandikwa mara ngapi?"

"Sijahesabu, afande."

"Nimehesabu mimi. Halipo! Hata mara moja halipo. Na neno majani?"

"Nadhani ni mara nyingi, afande."

"Mara elfu mbili mia tatu na kumi!" Alipiga meza hadi kalamu zikaruka. "Miaka minne tunahangaika na mtu asiyeonekana, na huyu anayeonekana kila siku tunampita juu kama vile ni ndugu yetu. Andika, Koplo. Adui ni majani."

Niliandika. Hiyo ndiyo iliyokuwa Taarifa Namba Arobaini.

*

Silaha ilitoka katika nchi rafiki. Nchi rafiki ni nchi iliyo mbali sana, ambayo urafiki wake huja kwa meli. Safari hii urafiki ulikuja katika mapipa elfu sita ya bati, kila pipa na mstari wa rangi ya kutu kiunoni. Ndani mlikuwa na dawa ya kupukutisha majani. Ubavuni palikuwa na karatasi ya maelezo kwa lugha ya kigeni, na juu yake mchoro wa fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana.

Marubani walipouona mchoro ule walirudi nyuma hatua mbili. Ikabidi aitwe Mganga Mkuu wa Jeshi, Kanali Daktari Shembago, aje awaelimishe.

"Huyu mnayemwona hapa," alisema Kanali Daktari, akigusa fuvu kwa fimbo, "ni adui baada ya vita."

"Adui si majani, afande?" aliuliza rubani mmoja.

"Huyu ni mfano tu. Jani halina kichwa, mchoraji angefanyaje?" Akakohoa kidogo. "Dawa hii inaua kitu cha kijani. Hapa kuna mtu wa kijani?"

Tukatazamana. Hakukuwepo mtu wa kijani, ila sare zetu zote zilikuwa za kijani, na minong'ono ikaanza. Marshal alipopata habari, alitoa amri siku hiyohiyo kwamba sare za jeshi zisihesabiwe kuwa za kijani hadi vita iishe.

Kanali Daktari aliniachia maneno ya kuandika, na nayanukuu yote hapa kwa sababu yalikuja kuwa mazito: "Kwa binadamu, dawa hii haina tofauti yoyote na maji." Hiyo ikawa Taarifa Namba Arobaini na Tatu. Mpishi wa mesi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliuliza kama Kanali Daktari angependa kuletewa glasi. Kanali Daktari alijibu kwamba hana desturi ya kunywa akiwa kazini.

*

Operesheni iliitwa Kinyozi. Marshal mwenyewe aliizindua, juu ya jukwaa lililopambwa kwa matawi mabichi, kwa kuwa kamati ya mapambo ilikuwa haijapelekewa nakala ya taarifa.

"Wananchi!" alinguruma. "Kwa karne nyingi msitu huu umesimama mbele ya taifa bila kupiga saluti! Umekula mvua yetu! Umekula jua letu! Sasa tunaunyoa, na tukiisha kuunyoa tutauona utosi wake!"

Tulipiga makofi kwa dakika nne, kama ratiba ilivyoagiza.

Rubani aliyeongoza ndege za kunyunyizia alikuwa Kapteni Leokadia Mhando. Katika jeshi lote hakuna aliyeweza kuruka chini kama yeye. Alikuwa akipita juu ya miti kwa urefu wa nyumba mbili, na mkono wake hautetemeki. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alizaliwa kwenye familia ya wakulima huko kaskazini, akasoma kwa bidii, akaapa kwamba hatashika jembe tena maisha yake yote. Mimi nilipangiwa kuruka naye, nikiwa na daftari, ili nihesabu majani.

"Unayahesabuje?" aliniuliza tulipokuwa tunafunga mikanda.

"Nahesabu ya mti mmoja, nazidisha."

"Mti mmoja umeuhesabu?"

"Nimekadiria, afande."

Tulipofika juu ya msitu alivuta mkono wa kufungulia dawa, na nyuma yetu ukungu mweupe ukatandazika juu ya msitu kama shuka. Kusema kweli, ulipendeza.

Siku kumi baadaye majani yalianza kujikunja. Wiki ya tatu yalikuwa ya rangi ya ngozi ya kiatu, na mwisho wa mwezi yakawa chini. Miti ilibaki imesimama uchi, kijivu, mingi kuliko nilivyodhani. Niliandika taarifa ambayo hadi leo inafundishwa chuoni: "Majani milioni mia nne yameuawa. Milioni sitini yamejisalimisha kwa kuanguka yenyewe. Kwa upande wetu, hakuna hasara." Marshal aliongezewa nishani, ikabidi ibandikwe begani.

Kisha zikaletwa picha zilizopigwa kutoka angani, kuonyesha waasi walivyokutwa bila pa kujificha. Tulizikagua kwa miwani ya kukuzia. Kulikuwa na mashina. Kulikuwa na kijito. Kulikuwa na nyani mmoja aliyekaa juu ya tawi tupu, akitazama juu. Waasi, kama tulivyokuja kujua, walikuwa wameshavuka mpaka miaka miwili nyuma, kwa miguu, baada ya kukosa chumvi.

"Hakuna mtu!" alisema Marshal kwa furaha. "Mnaona jinsi dawa inavyofanya kazi?"

*

Ndege ilipokuwa ikimwaga, upepo ulikuwa ukivuma kwenda bondeni, na bondeni kuna kijiji kinachoitwa Mtogole. Upepo haukuwa chini ya kamandi yetu.

Mwezi wa tano wa operesheni, asubuhi, alikuja mama mmoja kwenye lango la kambi. Alikuwa ametembea siku mbili. Jina lake Bi Kalekwa, mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyefunga kanga mbili na kubeba kikapu kichwani. Walinzi walimleta kwangu, kwa kuwa malalamiko nayo yalikuwa dawati langu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa wa ndege?"

"Mimi ni karani, mama. Shida gani?"

Alishusha kikapu akakifunua. Mlikuwa na majani ya muhogo yaliyojisokota kama vidole vya mtu mwenye baridi, mahindi yenye mabunzi bila punje, na kunguru aliyekufa.

"Hiki ndicho chakula chetu," alisema. "Muhogo umeoza ardhini, mahindi ndiyo hayo, mbuzi wametupa mimba wote. Mume wangu anakohoa tangu Jumapili ya kwanza ndege zilipopita. Sasa kuna jingine." Akalishika pindo la kanga. "Mkwe wangu Zaituni amejifungua juma lililopita. Mtoto hakulia. Mimi nimezalisha wanawake kijijini miaka ishirini, sijawahi kumwona mtoto wa namna ile. Sikumruhusu mama yake amwangalie."

Nilitafuta fomu. Tulikuwa na Fomu ya Mmea Uliokufa kwa Bahati Mbaya, tuliyokuwa tumeichapisha kwa tahadhari, lakini ya mtoto hatukuwa nayo.

"Mama, kwenye muhogo naweza kukusaidia," nilimwambia. "Hapa wanauliza: je, mmea uliwahi kushirikiana na adui?"

Bi Kalekwa alinitazama kwa muda, si kwa hasira, ila kama mtu anayejaribu kukumbuka kama mtoto huyu alilelewa na nani.

"Adui ni nani, mwanangu?"

"Majani, mama."

"Na sisi tunaopika kisamvu?"

Sikuwa na maelekezo juu ya swali hilo. Kwa bahati Marshal alikuwa anapita kwenda kupata chai, akasikia, akasimama mlangoni.

"Mama," alisema kwa upole wa mtu anayepigwa picha, ingawa hakukuwa na kamera, "vita ina gharama. Taifa linakushukuru kwa kunyunyiziwa. Wapo wananchi kaskazini wanaotamani ndege iwapitie hata mara moja, nao hawaipati." Kisha akanigeukia mimi. "Watu wa huko wamepanda tena?"

"Wamehamia bonde la juu, afande," nilijibu, maana ndivyo Bi Kalekwa alivyokuwa amenieleza. "Huko dawa haikufika. Wamepanda muhogo, maharage na mahindi."

Naomba msomaji alisome vizuri jibu hilo. Nililitoa mimi, bila kulazimishwa, kwa sababu niliulizwa.

"Aa!" alisema Marshal. Aliweka kikombe chini. "Jani la msituni linamficha mwasi, lakini jani la shambani linamlisha. Kumbe tumekuwa tukipiga askari wa kawaida na kuwaacha maofisa!"

Pembeni, kwenye benchi, alikuwa amekaa Kapteni Leokadia akisubiri kusainiwa karatasi za mafuta. Alisikia yote. Aliinuka, akachukua kikapu cha Bi Kalekwa, akamsindikiza hadi langoni. Niliwaona dirishani wamesimama kwenye jua muda mrefu, mama yule akizungumza na Kapteni akitazama viatu vyake. Wala, kama nilivyokuja kujua, hakumwambia kwamba rubani ni yeye.

*

Amri ya kunyunyizia bonde la juu ilitolewa siku hiyohiyo. Kapteni Leokadia alikuja ofisini kwangu akafunga mlango.

"Kesho huruki na mimi," alisema. "Utakaa hapa, utaandika kama kawaida."

"Niandike nini, afande?"

"Kwamba tumenyunyizia. Tutakuwa tumenyunyizia kweli, hutakuwa umesema uongo."

"Kunyunyizia nini?"

"Koplo, kwani lini uliniuliza?"

Alikuwa na haki. Sikuuliza tena. Lakini nilipita ghalani jioni yake, nikaona mapipa yamepangwa vilevile, yamezibwa, na karibu na mto nikaona pampu ya kambi inanguruma, mpira wake umelazwa hadi kwenye matangi ya ndege. Mafundi wawili waliokuwa wanaishika pampu walinipigia saluti bila kutabasamu. Nilirudi ofisini nikaandika Taarifa Namba Themanini na Tisa.

Ulikuwa msimu wa kiangazi. Tangu msitu unyolewe mvua ilikuwa imekata, na mashina ya mahindi ya bonde la juu yalikuwa yamesimama yakisubiri. Kapteni Leokadia alipita juu yao mara moja, akarudi kesho yake, akarudi siku ya tatu. Alikwenda mara kumi na moja. Watu wa Mtogole, ndege ya kwanza ilipotokea, walikimbilia ndani na kufunga milango kwa matambara. Ya pili vilevile. Ya nne, mtoto mmoja wa kike alikawia nje, akaloa, akalamba mkono wake, akapiga kelele kwamba ni maji. Baada ya hapo wanawake walikuwa wakisikia mngurumo wanatoa ndoo nje.

Mwezi wa pili wa safari hizo Marshal aliamua kwenda kulitazama bonde lililoshindwa. Aliruka na mwandishi wa redio, mpiga picha, na mimi. Tulipoupita ukingo wa mlima, mpiga picha alishusha kamera yake polepole.

Bonde lilikuwa la kijani kibichi. Maharage yalikuwa yametambaa hadi kwenye paa za nyumba. Mahindi yalikuwa na urefu wa mtu aliyebeba mtu.

Marshal alibandika uso kwenye kioo cha dirisha. Halafu alinong'ona: "Majani sugu."

"Afande?"

"Yamezoea dawa! Yanaipenda! Tumepiga mara kumi na moja na yamenenepa!" Alimshika mwandishi wa redio bega. "Zima chombo hicho. Taifa lisijue. Koplo, andikia nchi rafiki. Waambie dawa yao ni dhaifu, watuletee kali zaidi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nchi rafiki huvumilia mengi, lakini haivumilii kuambiwa dawa yake ni dhaifu. Baada ya wiki mbili akashuka mtaalamu wao, kijana mwenye shati la mikono mifupi na sanduku dogo la vipimo. Hakutaka chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndege ya Kapteni Leokadia, akachota kidogo tangini, akadondoshea kitu, akatikisa. Kisha akasema neno moja, ambalo mkalimani alilirudia akiwa ameinamisha kichwa:

"Maji."

*

Kapteni Leokadia alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi kwa kosa la kumsaidia adui wakati wa vita. Adhabu yake ilikuwa kupigwa risasi. Kesi ilisikilizwa kwenye ukumbi wa mesi, meza zikiwa zimesukumwa ukutani, mbele ya majaji watatu waliovaa sare za kijani zisizohesabiwa kuwa za kijani. Mwendesha mashtaka alikuwa meja mmoja mwenye sauti ya kasuku. Kapteni alikataa wakili. Mimi nilikaa pembeni nikiandika mwenendo.

"Mshtakiwa," alisema meja, "uliamriwa kunyunyizia dawa. Ulinyunyizia nini?"

"Maji."

"Unakiri!"

"Naandika fomu zangu kwa ukweli, afande. Hata zamani niliandika majani."

Kapteni aliomba kumhoji shahidi mmoja tu, Kanali Daktari Shembago. Kanali Daktari alikuja akiwa amechana nywele vizuri, akaapa.

"Daktari," Kapteni alianza, "kama ningenyunyizia dawa kule bonde la juu, watu wa Mtogole wangepata madhara gani?"

Mwandishi wa redio alikuwepo. Mtaalamu wa nchi rafiki alikuwepo, mkalimani akimnong'oneza.

"Wasingepata madhara yoyote," alijibu Kanali Daktari.

"Na chakula chao?"

"Jeshi halijawahi kugusa chakula cha raia. Ipo taarifa."

"Kwa hiyo kwa binadamu, kati ya dawa na maji kuna tofauti gani?"

Kanali Daktari alimtazama Marshal. Marshal alitazama dari. "Hakuna," alisema Kanali Daktari. "Ni Taarifa Namba Arobaini na Tatu."

"Asante. Basi watu wa Mtogole hawakupata faida kwa maji yangu, kwa kuwa wasingepata hasara kwa dawa yenu. Sasa naomba meja anisaidie. Nimemsaidia nani?"

Kusema kwamba amewaokoa watu kulikuwa ni kusema kwamba dawa ilikuwa na madhara. Meja alifungua jalada lake, akalifunga. Mwishowe akasema kwa unyonge kwamba amesaidia majani.

"Yako wapi majani hayo?" aliuliza jaji mkuu, aliyekuwa anataka mambo yaende.

"Yameliwa, mheshimiwa," alisema Kapteni. "Kisamvu na majani ya maharage. Watu wa Mtogole wameyala yote. Hakuna kikosi kingine kilichowahi kumwangamiza adui kiasi hicho."

Kuna mtu alicheka nyuma, akatolewa nje. Kapteni hakucheka. Alikuwa amekonda, na kwenye mikono yake, kuanzia vidole hadi viwiko, kulikuwa na vidonda ambavyo nilikuwa sijaviona tangu aanze kuvaa mikono mirefu. Alichukua glasi mbili kutoka meza ya ukutani.

"Kama mahakama bado ina shaka," alisema, "hii ijazwe maji na hii ijazwe dawa, apewe Daktari achague bila kuambiwa ni ipi."

Jaji mkuu aliahirisha kesi kwa ajili ya chai. Chai ilidumu siku tatu. Waliporudi, hukumu ilikuwa na mistari miwili: kosa la kumsaidia adui halikuthibitika, mshtakiwa amepatikana na hatia ya kumwagilia mashamba bila kibali, anavuliwa cheo na kufukuzwa jeshini.

Siku iliyofuata vita ilitangazwa kuwa imeisha kwa ushindi, kwa sababu hakuna rubani mwingine aliyekuwa tayari kuingia kwenye ndege zile hata akipewa amri ya maandishi, baada ya kuiona mikono ya Kapteni. Mapipa yaliyobaki walipewa wananchi wa jirani na kambi kuwekea maji ya kunywa. Kanali Daktari alipata likizo ya masomo. Marshal Kisungwi, kwa uzoefu wake, aliteuliwa kuwa Waziri wa Misitu. Mimi nilifukuzwa kwa kosa la kuandika Taarifa Namba Arobaini na Tatu kwa lugha inayoeleweka.

*

Miezi minane baadaye nilikutana na Leokadia, amevaa gauni la kawaida, mikono imefungwa bandeji.

"Naenda Mtogole," aliniambia. "Twende wote."

"Kufanya nini?"

"Hawajui ni nani alikuwa juu. Wanashukuru ndege ya maji, wanailaani ndege ya dawa, na wanadhani zilikuwa ndege mbili."

Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu nilikosa namna ya kumkatalia iliyokuwa na staha.

Tulimkuta Bi Kalekwa anapepeta maharage. Mumewe alikuwa ameshafariki, ndiyo kwanza arobaini ilikuwa imepita. Alitukaribisha, akatupa maji, akatusikiliza hadi mwisho. Leokadia alimweleza kila kitu kwa sauti ileile ya kusoma ripoti: mara kumi na tisa dawa, mara kumi na moja maji, ndege ileile, mkono uleule. Bi Kalekwa aliweka ungo chini.

"Ya maji, nimeshukuru," alisema. "Hayo mengine, mtoto hakuwa wangu. Twendeni kwa Zaituni, mkamwambie mwenyewe."

Zaituni alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na miwili, mwenye uso mpole na maneno makavu. Alikuwa amekaa kizingitini. Alisikiliza akiwa anamtazama Leokadia mikono, si usoni.

"Maji yale," aliuliza, "kwa nini yalichelewa?"

Leokadia alifikiri. Nadhani alikuwa na majibu kadhaa, na yote yalikuwa ya kijeshi.

"Nilikuwa natii," alisema. "Nilikuwa naona miti inakufa nikasema ni miti. Sikutaka kujua zaidi. Mama mkwe wako alipokuja na kikapu ndipo nikajua, na nilikuwa nimeshachelewa."

Zaituni alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa chenji pungufu na hana nguvu ya kubishana. Kisha akanigeukia.

"Na wewe? Ulikuwa unaendesha?"

"Hapana. Mimi nilikuwa naandika taarifa za redio."

"Wewe ndiye redio?" Alininyooshea mkono kuelekea mfuko wa shati langu, palipokuwa na kalamu. "Mwanangu redioni hakutajwa. Nilisikiliza kila siku, mpaka betri zikaisha. Una karatasi?"

Nilikuwa nayo. Nilipiga goti nikaiweka juu ya paja. Alinisomea na mimi nikaandika, polepole, kwa mwandiko wangu bora wa ofisini: kwamba siku ya Jumatano, katika kijiji cha Mtogole, Zaituni binti Mlekwa alijifungua mtoto wa kiume, kwamba mtoto aliitwa Idrisa, jina la babu yake, kwamba hakulia.

"Sasa nisomee," alisema.

Nikasoma. Nilipofika mwisho nikagundua kwamba mkono wangu, kwa mazoea ya miaka yote ile, ulikuwa umeongeza sentensi ambayo yeye hakuisema, na nilikuwa nimeshaisoma kwa sauti kabla sijaweza kujizuia: kifo hicho kilitokana na sababu mbalimbali.

Bi Kalekwa alisimama. Leokadia alifunika uso. Zaituni hakuinua sauti.

"Futa hapo," alisema. "Andika dawa."

Nikafuta. Nikaandika dawa.